Shamba-shahidi: namna ya kujua kama dawa ya moyo mzito inaponya kweli



Huku kwetu mtu akivunjika mguu, kila mtu anaona. Akipata malaria, kituo cha afya kinamtoboa kidole na jibu linapatikana. Lakini iko ugonjwa mwingine wenye hauonekani. Mama anaacha kwenda shamba miezi miwili. Chakula hakipiti, usiku hasinzii, anasema yeye hana maana tena katika dunia. Jirani mmoja anasema ni uvivu. Mwingine anasema ni bulozi. Waganga wanaita depresio, na ndugu zetu wa Tanzania wanasema sonona. Depresio iko na ndugu yake, ule ugonjwa wa moyo kupanda na kushuka: mwezi huu mtu halali, anaongea mbiobio, anagawa pesa ya nyumba yote, mwezi ule mwingine hawezi kutoka kitandani.

Matibabu hayakosekani. Ukishuka kwenye mtumbwi siku ya soko utakuta chupa ya majani yenye "inaponya presha, huzuni na bahati mbaya". Utakuta chumba cha maombi. Utakuta muuza vidonge bila karatasi ya muganga. Na kila mmoja iko na ushuhuda: "Fulani alikuja hapa akiwa amekufa moyo, leo anacheka." Familia inasikia, inauza mbuzi wawili, inalipa. Kama matibabu hayafanyi kitu, mbuzi wamekwenda na mgonjwa anabaki na ugonjwa wake, tena na aibu juu.

Swali langu leo ni moja tu: tunajua namna gani kama matibabu ya moyo mzito yanaponya? Nitajibu kama mtu wa kilimo, juu njia yenye waganga wa dunia yote wanatumia kupima dawa hizo ilikomaa shambani kabla ya kuingia hospitali.

Shamba linaweza kudanganya

Tuseme unaleta Yanonge mbegu mpya ya muhogo. Unapanda shamba lako lote. Kisha mwaka na nusu unavuna vizuri sana. Ni mbegu? Pengine mvua ilikuwa nzuri mwaka huo. Pengine ulikata msitu mpya na udongo ulikuwa bado na nguvu. Pengine juu ya furaha ya mbegu mpya ulipalilia mara nne badala ya mbili. Huwezi kujua.

Njo maana tunapanda mbegu ya zamani kandokando, mwaka uleule, udongo uleule, palizi ileile. Kipande hicho tunakiita kwa Kifaransa témoin, maana yake shahidi. Ni yeye anasema: "Bila mbegu mpya, mavuno yangekuwa haya." Tofauti kati yao wawili njo kazi ya mbegu. Kile kingine chote ni kazi ya mvua na jembe.

Halafu iko mtego wa pili. Nani anachagua kipande gani kitapata mbegu mpya? Mimi nikichagua, hata bila kutaka, nitaiweka mahali pazuri, karibu na mto, mbali na mizizi ya miti mikubwa. Kwa hiyo tunapiga kura. Kura haina rafiki. Na tunarudia mara nyingi, vipande vinne, vitano, kumi, juu kipande kimoja kinaweza kuliwa na mbuzi.

Mtu aliyepanga mambo haya kwa hesabu ni Mwingereza Ronald Fisher. Aliingia mwaka 1919 kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kule walikuwa wanapima mbolea tangu 1843, na mwaka 1935 alitoa kitabu juu ya namna ya kupanga majaribio. Sisi wa Tshopo hatuko mbali na historia hiyo: Yangambi, kituo chenye Wabelgiji walianzisha mwaka 1933 kwa jina la INEAC na leo kinaitwa INERA, kiliishi kwa majaribio ya namna hii juu ya mawese, kahawa na mpira.

Kutoka shamba, kura iliingia hospitali. Mwaka 1948 Waingereza walitoa matokeo ya dawa ya streptomisini kwa kifua kikuu. Wagonjwa walikuwa 107. Kura iliamua nani anapata dawa na nani anapata matibabu ya kawaida ya wakati ule, yaani kulala na kupumzika. Tangu siku hizo dawa yoyote ikitaka kuaminiwa inapaswa kusimama mbele ya shahidi.

Moyo ni shamba gumu zaidi

Kwa nini moyo mzito unahitaji shahidi kuliko mguu uliovunjika? Nahesabu sababu nne.

Ya kwanza, huzuni inapanda na kushuka yenyewe. Watu wengi wanapata nafuu kisha miezi, hata bila dawa.

Ya pili, watu wanatafuta msaada siku wako chini kabisa. Ukiwa chini kabisa, mahali pa kwenda ni juu. Yule uliyemwendea wiki hiyo atabeba sifa, akiwa daktari, pasta au muuza majani.

Ya tatu, tumaini lenyewe linafanya kazi. Katika majaribio ya vidonge vya depresio wanatoa kwa upande mmoja dawa, kwa upande mwingine kidonge chenye hakina dawa ndani, sura ileile, rangi ileile. Kati ya watu 100 wanaomeza kile kitupu, karibu 35 mpaka 40 wanapata nafuu ya maana. Hawasemi uongo: wamepata nafuu kweli, lakini si juu ya dawa.

Ya nne, hatuna mizani ya kupima huzuni. Tunauliza maswali: unalala namna gani, unakula namna gani, unajiona mtu bure? Mtu anayekupenda anaweza kukujibu vizuri ili ufurahi. Kwa hiyo anayeuliza maswali asijue mgonjwa alikuwa upande gani wa kura.

Mfano mmoja wa vidonge unaonyesha vizuri. Mwaka 1949 John Cade, daktari wa Australia, aliandika kwamba chumvi ya litiumu ilituliza wagonjwa wake wa moyo kupanda. Ulikuwa ushuhuda mzuri, lakini haukuwa na shahidi. Ugomvi ulidumu miaka mingi. Mwaka 1970 Wadenmark walitoa jaribio la wagonjwa 84 wenye walikuwa wanameza litiumu tayari. Wagonjwa 45 waliendelea nayo, 39 waligeuziwa kidonge kitupu. Ugonjwa ulirudi kwa watu 21 kati ya wale 39. Kwa wale 45, haukurudi kwa hata mmoja. Ushuhuda wa Cade ulipata jibu lake kisha miaka 21.

Masaka na Rakai: vijiji 30

Bon, mtasema hayo ni ya Wazungu. Tuje karibu.

Kusini mwa Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, ukimwi uliua watu wengi sana, na waliobaki walibaki na moyo mzito. Watafiti waliofika huko, pamoja na Paul Bolton na Judith Bass, hawakuanza na maneno ya vitabu vyao. Waliuliza watu kwanza: huzuni ya namna hii mnaiita namna gani? Watu walitoa majina mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia. Mgonjwa alitambuliwa kwa majina hayo na kwa dalili za depresio pamoja.

Vidonge vilikuwa ghali na waganga wa akili walikuwa wachache mno. Kwa hiyo walichagua matibabu ya maneno, yenye Gerald Klerman na Myrna Weissman walikuwa wametengeneza Marekani. Yanaangalia jambo gani katika maisha lilifungua mlango wa huzuni: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, au maisha kubadilika, kama kupata ugonjwa au kupoteza kazi. Watu wa palepale wenye si waganga walifundishwa wiki mbili na kupewa kazi ya kuongoza vikundi, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake. Mara moja kwa wiki, dakika 90, wiki 16. Ukiangalia kwa mbali utadhani ni likelemba, isipokuwa kinachozunguka si pesa, ni shauri na kusikilizana.

Vijiji vilikuwa 30: 15 vya wanaume, 15 vya wanawake. Kura iliamua vijiji gani vinapata vikundi na vijiji gani vinakuwa shahidi. Katika vijiji-shahidi hakuna aliyekatazwa kutafuta msaada mwingine aliopenda. Watu zaidi ya 220 walifika mpaka mwisho.

Sasa tuhesabu pamoja. Katika vijiji vya vikundi, kabla ya kazi kuanza watu 86 kati ya 100 walikuwa na depresio kubwa. Kisha kazi: 6.5 kati ya 100. Mtu wa ushuhuda angesimama hapa na kupiga kelele ya ushindi.

Lakini shahidi iko na neno lake. Katika vijiji vyenye havikupata vikundi, depresio ilitoka 94 kwa 100 mpaka 54.7. Ilishuka karibu 39, bila vikundi! Juu wakati ulipita, juu watu walijisaidia, juu waliulizwa tu habari zao. Vikundi vilishusha karibu 80. Maana yake karibu nusu ya mavuno yale mazuri yangekuja hata bila mbegu mpya, na nusu nyingine ni kazi ya vikundi.

Hiyo nusu bado ni kubwa sana. Kumi na sita tu za wiki, viongozi wa palepale, hakuna kidonge. Matokeo yalitoka mwaka 2003 katika gazeti la waganga wa Marekani, na walipopima tena kisha miezi sita faida ilikuwa bado imesimama. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mafundisho ya njia hiyo. Lakini angalieni vizuri: bila shahidi, tungeamini kitu kikubwa mara mbili kuliko ukweli. Na kama vikundi visingekuwa na nguvu yoyote, bila shahidi tungeona bado depresio inashuka kwa 39, tungeshangilia vilevile.

Kivu: kura katikati ya vita

Kwetu Kongo kazi kama hiyo ilifanyika Kivu ya Kusini na sehemu ya Kivu ya Kaskazini, kwa wanawake wenye walibakwa. Matokeo yalitoka Juni 2013. Vijiji 15: katika 7, wanawake 157 walipata mafundisho ya kikundi, kuongea mmoja na msaidizi mara 1 kisha mara 11 pamoja, kujifunza kuangalia na kupima yale mawazo yenye yanasema "ni kosa langu, mimi ni kitu kichafu". Katika vijiji 8, wanawake 248 walipata msaada wa kila mmoja peke yake: msaidizi aliyekuwepo kuwasikiliza na kuwapeleka kwa muganga au kwa sheria. Wasaidizi walikuwa Wakongomani wenye walisoma angalau miaka 4 kisha shule ya msingi. Wanawake wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mafundisho yaliingia kwa kichwa, si kwa karatasi, na kazi ilifanyika katika lugha tano, Kiswahili ndani yake. Na vita haikungoja: kila kijiji kilipata angalau tukio moja kubwa la usalama wakati wa utafiti, mashambulizi, kukimbia, au kunyang'anywa.

Kisha miezi sita, katika vijiji vya kikundi wanawake 9 kati ya 100 walikuwa bado na dalili za depresio au za wasiwasi mkubwa. Katika vijiji vya msaada wa peke yake, 42. Hapa tena shahidi alipata nafuu: kwenye kipimo cha 0 mpaka 3, upande wa shahidi ulitoka 2.2 ukafika 1.5, upande wa kikundi ulitoka 2.0 ukafika 0.7.

Nataka muone vitu vitatu katika kazi ile, juu ndiyo mambo yenye sisi wa shamba tunajua.

Kwa nini kura ilipigwa kwa vijiji, si kwa watu? Ni kama mbolea na mvua. Ukiweka mbolea kwenye kipande kimoja na shahidi ni jirani kabisa, mvua inabeba mbolea mpaka kwa shahidi. Mama aliyefundishwa atamwambia dada yake jioni wakisafisha sombe. Kwa hiyo kijiji kizima ni kipande kimoja.

Bei ya njia hiyo: vijiji 7 na 8 ni marudio machache. Kwa karatasi unaona wanawake 405, lakini kura ilipigwa mara 15 tu. Njo maana pande mbili hazikuanza sawasawa kabisa, na msomaji anapaswa kukumbuka hivyo.

Na waliopotea njiani je? Waliofika kwenye vipimo vyote vitatu ni 65 kati ya 100 upande wa kikundi, na 52 kati ya 100 upande wa shahidi. Ukipanda mashina 100 na kuvuna 60, usiniambie tu uzito wa yale 60. Niambie pia habari za 40. Watafiti wa kweli wanaandika hesabu hiyo wazi, na hawa waliiandika.

Jaribio linaweza kusema hapana

Iko kitu kimoja chenye ushuhuda hauwezi kufanya: kukataa. Hakuna anayesimama kanisani kusema "niliombewa, sikupona", wala anayerudi sokoni kutangaza kwamba chupa haikumsaidia. Jaribio zuri linaweza kusema hivyo.

Mwaka 2005, kaskazini mwa Uganda, katika kambi za wakimbizi wa vita karibu na Gulu, vikundi vilevile vya Masaka vilijaribiwa kwa vijana 314 wa miaka 14 mpaka 17. Kura iliwagawa pande tatu: vikundi vya maneno, michezo ya kuchangamsha, na kungoja. Matokeo yalitoka 2007. Wasichana wa vikundi walipata nafuu kubwa. Wavulana, tofauti yao na wale wa kungoja haikuwa ya kuaminika. Na michezo, ambayo kila shirika linapenda kupiga picha zake, haikupunguza depresio.

Hatuna sababu ya kushangaa. Mbegu yenye inazaa Yangambi si lazima izae Lubero. Matibabu yaliyosimama kwa watu wazima wa Masaka yanapaswa kupimwa tena kwa vijana wa kambi, na siku moja kwa watu wa mto wetu hapa, wenye maneno yao ya huzuni kwa Kilokele, kwa Kilingala na kwa Kiswahili. Kazi ya kwanza ya huko Masaka, ile ya kuuliza watu "mnaiita namna gani?", hapa kwetu ingetaka daftari, kalamu na uvumilivu.

"Kumbe wanatufanya panya?"

Hofu hii si ya kijinga. Mwaka 1996 huko Kano, Nijeria, wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto 200 hivi, nusu dawa mpya, nusu dawa ya zamani. Watoto 11 walikufa, 5 upande mmoja na 6 upande mwingine. Familia zilisema hazikuambiwa kwamba ni jaribio. Kesi ilidumu miaka, mpaka mwaka 2009 kampuni ilipatana na serikali ya jimbo kulipa fidia. Hata kama kura ilipigwa vizuri, mtu ambaye hakuulizwa amedhulumiwa.

Sheria za kazi hii ziko, tangu tangazo la Helsinki la mwaka 1964. Mgonjwa anaelezwa kwa lugha yake. Anaweza kukataa. Anaweza kuingia na kutoka kesho yake, na kituo cha afya kitaendelea kumtunza vilevile. Na upande wa shahidi hauachwi mikono mitupu kama matibabu mazuri yanajulikana tayari: shahidi anapata yale bora yaliyopo.

Sisi Wakongomani tuliona mfano mzuri wakati wa Ebola. Kutoka Novemba 2018, Beni, Butembo, Katwa na Mangina walipima dawa nne katika jaribio lenye jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681. Hakuna aliyeachwa bila dawa. Shahidi alikuwa dawa ile iliyoaminiwa zaidi wakati ule, ZMapp. Agosti 2019 kamati ya kuangalia hesabu ilisimamisha kura mapema, juu dawa mbili zilionekana kuokoa watu zaidi: upande wa ZMapp karibu nusu walikufa, upande wa dawa zile mbili karibu mtu 1 kwa 3. Moja ya dawa hizo, mAb114, ilitoka kwa damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Donc usiseme majaribio ni kitu cha kuletwa tu kutoka nje.

Maswali ya kubeba mfukoni

Wengi wetu tunafanya kazi na mashirika vijijini, watu wanatuuliza shauri juu tulisoma. Mtu akikuletea matibabu ya moyo mzito, yawe kidonge, majani, maombi au mradi wenye magari meupe, muulize hivi, kwa heshima:

1. Shahidi iko wapi? Wale wenye hawakupata kitu hicho, walikuwa namna gani kisha muda uleule?
2. Nani alichagua nani apate? Kura, au mkono wa mtu?
3. Walianza wangapi, na walifika wangapi? Wengine walikwenda wapi?
4. Nani alipima, na alijua nani alipata nini?
5. Watu waliulizwa kwa lugha yao, na walikuwa huru kukataa?

Maswali haya hayatukani imani ya mtu. Maombi yanaweza kumfariji mgonjwa, na kukaa na watu wanaokupenda ni kitu kizuri, vikundi vya Masaka vyenyewe vinaonyesha. Lakini anayetoza pesa kwa ahadi ya kuponya, huyo anapaswa kujibu kama mimi ninavyojibu nikiuza mbegu.

Na wakati tunangoja majaribio yafike huku mtoni, mgonjwa iko leo. Kama iko ndugu yako amezimika moyo wiki mbili na zaidi, mpeleke kituo cha afya, usingoje miezi. Kama anameza vidonge vyenye daktari alimpa, asiviache ghafla juu mtu amemwambia amepona. Arudi kwa daktari kwanza. Kama anaongea juu ya kufa, usimwache peke yake, ondoa dawa za shamba nyumbani, ita watu, mpeleke siku ileile. Na usimfunge kamba. Muulize jina lenye anaita huzuni yake, kisha umsikilize mpaka amalize.